Popo Katika Kaniki

Mgeni alifika saa nane mchana, wakati ambao mtaa wote wa Somanda hukimbia jua na hata waendesha bodaboda huacha kijiwe chao wakajibanza kwenye ukuta wa duka la mbegu. Alikuwa mwanamke kijana aliyevaa buti na kofia ya kitambaa, begi zito mgongoni. Aliingia barazani kwa Jabiri, muuza maziwa, akasalimia, akaketi kwenye benchi, na kabla hajaagiza chochote akainua macho kutazama dari.

Asumini, mke wa Jabiri, aliyafuata macho hayo. Yalikwenda pale pale alipoogopa: kwenye kona, ambapo doa la kahawia lilikuwa limeteremka kutoka ubao wa dari hadi ukutani. Yeye na mumewe walikuwa wamelifunika kwa kalenda ya zamani yenye picha ya msikiti, lakini doa lilikuwa limeshaipita kalenda na kuchungulia kwa chini.

"Nina maziwa ya mgando na nina ya moto," alisema haraka. "Chapati zimebaki za asubuhi."

Mgeni akaomba mgando. Alisema anaitwa Philomena, ni daktari wa mifugo, na kwa sasa yumo katika kundi la watafiti wanaofuatilia magonjwa ya popo. Mkono wa Asumini ukasimama, kata ikiwa juu ya ndoo. Philomena akaeleza bila haraka kwamba tangu joto lianze wameokota popo waliokufa sehemu kadhaa za mji. Hawakujua bado kama ni ugonjwa, au ni dawa za pamba zinazowafikia kupitia wadudu ambao popo hula, au ni hili joto la chini ya mabati. Alikuwa anaomba kupanda darini, na kama kuna popo aliyekufa karibuni, apewe akampime.

"Hapa hatuna popo, mdogo wangu. Labda panya."

"Jana jioni nilisimama pale kwa fundi baiskeli," Philomena alisema, "nikawaona wakitoka chini ya bati lako. Wengi tu." Aliisema kwa sauti ya chini, kama mwanamke anayemnong'oneza mwenzake kwamba kanga yake imechafuka nyuma.

Jabiri alitoka chumba cha nyuma, kofia yake mkononi. Hakugomba. Alikuwa mtu wa Ujiji, mpole hata kwa wateja wanaokunywa na kuondoka bila kuaga. Alimweleza mgeni kwamba wao wanauza kitu cha kuingia mdomoni, na watu wa mtaa huu wana macho.

"Ukipanda darini na mabuti hayo leo, binti, kesho nani atainua kikombe hapa?"

Philomena alikubali. Alimaliza maziwa yake, jambo ambalo Asumini alilikumbuka baadaye, kwamba msichana yule alijua kilichokuwa juu ya kichwa chake na bado alimaliza. Akaacha namba yake ya simu na jozi ya glavu mezani. Mlangoni aligeuka, akauliza kama kuna mtu aliyewashika popo kwa mikono mitupu, au aliyeng'atwa. Si kila popo mgonjwa ana kitu cha kumdhuru mtu, alisema, lakini wapo wanaoweza kubeba ugonjwa wa ukoo mmoja na kichaa cha mbwa. Aliyeng'atwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji mengi, kisha awahi hospitali kwa sindano, hata kama hasikii kitu.

"Dalili zikishaanza, mama, hakuna dawa."

"Hakuna aliyeng'atwa," Asumini alijibu.

Alikuwa amedanganya mara mbili ndani ya kikombe kimoja cha maziwa.

 

Aliyeng'atwa alikuwa Nyamizi, na Asumini alimwona aking'atwa.

Popo walikuwa wameanza kudondoka kupitia tundu la ubao, katika chumba cha nyuma cha kuhifadhia maziwa. Shimo la taka la nyumba lilikuwa mbele, karibu na ndoo ya kunawia wateja, na mbwa wa mtaani walikuwa wakilifukua kila siku. Asumini hakutaka hata mtu mmoja aone. Kwa hiyo alfajiri moja aliwakusanya kwa ufagio, akawafunga kwenye kipande cha kaniki ya zamani, akalikaza fundo ili harufu isitoke, akarusha juu ya ua wa minyaa. Furushi likaangukia shimo la taka la jirani yao Maduhu, mwendesha bodaboda aliyehamia mjini kutoka Lingeka.

Asumini alizaliwa Kondoa. Kwake kaniki ilikuwa kitambaa kigumu kisichovuja, basi. Hakuwaza kwamba kwa Wasukuma wa upande wa pili wa minyaa, nguo nyeusi iliyofungwa fundo, ndani yake wamo viumbe wa usiku waliokufa, haiwezi kuitwa taka. Hicho ni kitu cha uchawi kilichowekwa, na aliyekiweka yupo. Na wiki hiyo mtoto mchanga wa Maduhu alikuwa anaharisha.

Hawakumtafuta mbali. Nyamizi, mama mkubwa wa Maduhu, alikuwa mjane anayeishi naye na ndiye aliyetupa taka za nyumba ile. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi ya kupikia samadi kavu, na watu huyaita macho ya namna hiyo ya mchawi. Watu walikusanyika uani. Asumini alisimama nyuma ya minyaa, mikono ikiwa na unga, akamsikia Maduhu akisema, "Umekileta wewe, kiondoe wewe." Akamwona yule mama akishuka shimoni na kulifungua fundo. Popo mmoja alikuwa hajafa. Alimng'ata katikati ya kidole gumba na kidole cha pili. Nyamizi hakulia. Alifuta damu kwenye kanga yake, akaendelea kuwaokota.

Sentensi moja ingetosha. Asumini aliitafuta, akaipata, akaimeza, akarudi jikoni kusukuma chapati. Kesho yake Maduhu alimpakia mama yake mkubwa kwenye pikipiki na kumpeleka kwa ndugu zao Mwamapalala. Aliporudi alipita barazani kunywa maziwa kama kawaida yake, na Asumini akamwongezea nusu kikombe bila kumdai.

 

Buti za Philomena zilipopotelea barabarani, Asumini alimweleza mumewe yote. Habari za popo Jabiri alizijua. Ile ya kaniki hakuijua. Alikaa akiikunja na kuikunjua kofia yake.

"Atibiwe," alisema hatimaye. "Hilo halina mjadala. Chukua ile akiba ya dari." Ilikuwa fedha waliyoiweka kidogo kidogo ili waje kuzing'oa mbao zote na kuziba matundu. "Ila mdomo wako, Mama Nasrin. Mwambie daktari ndiye anayetaka watu wapimwe. Habari ya kaniki iache hapa hapa."

Nasrin, binti yao wa darasa la sita, alikuwa anaosha vikombe kwenye beseni. "Kwa hiyo bibi si mchawi?" aliuliza.

Baba yake alimwambia aongeze sabuni.

 

Kesho yake asubuhi, huko Mwamapalala, Asumini alimkuta Nyamizi ameketi ubavuni mwa kibanda cha jiko, mbali na wenzake. Kikombe chake cha bati kilining'inia peke yake kwenye msumari. Mtoto wa nyumba ile alileta uji, akauweka chini kabla hajamfikia, akakimbia. Nyamizi akainuka kuufuata.

"Mwangaluka, mayu," Asumini alisalimia. Katika miaka yote ya Somanda, salamu za Kisukuma zilikuwa karibu yote aliyojifunza, na aliyemfundisha ni huyu. Ndiye pia aliyemfundisha kufukiza kibuyu kwa moshi kabla ya kugandisha maziwa, ile harufu iliyowafanya watu wapite vibanda vingine waje kwake.

Nyamizi aliitikia, akamsogezea kigoda. Asumini alianza na maneno ya Jabiri. Daktari amesema, sindano zipo, nauli ipo, twende leo. Alipotaja kichaa cha mbwa, yule mama alicheka mpaka akakohoa.

"Juzi nilikuwa fisi wa kichawi, leo mbwa. Kesho mtanipa mkia upi?"

"Mama, si mzaha. Ukikaa utakufa."

"Nikifa watasema uchawi umenirudia. Nikipona watasema uchawi wangu una nguvu." Alikoroga uji kwa kidole. "Sasa hiyo sindano inanisaidia nini?"

Asumini alitazama mkono ule. Kidonda kilikuwa kimekauka, vitundu vidogo tu, kama vya mwiba. Alikuwa amekuja na uongo ulioandaliwa vizuri, na sasa ulionekana mdogo kuliko vitundu vile.

"Ile kaniki ni yangu," alisema.

Nyamizi hakushtuka. Aliuweka uji chini. "Ulikuwa nyuma ya minyaa. Niliiona kanga yako. Nikasema, huyu atanisemea. Huyu ndiyo wangu. Nikawa nawaokota polepole, nakupa nafasi."

Asumini akapiga magoti kwenye vumbi. Nyamizi alimwacha hapo kidogo, kisha akamwambia ainuke, asichafue nguo. Alisema atakwenda kuchomwa hizo sindano, lakini kuna jambo.

"Utamwambia Maduhu. Si chumbani, si pembeni. Asubuhi, watu wakiwa wanakunywa. Mimi alinisema mbele ya watu."

"Nitamwambia."

"Sema naahidi. Kiswahili changu kidogo, lakini hilo nalijua."

"Naahidi, mama."

 

Hospitali muuguzi aliuliza bibi ameng'atwa na nini. Aliposikia ni popo alicheka, si kwa ubaya, akamwambia mwenzake kwamba wa mbwa amewaona, wa nyani amewaona, leo kaletwa wa popo. Watu kwenye benchi waligeuka. Asumini alimpa simu, Philomena akiwa hewani, na kicheko kikaisha. Yule dada akawa makini, akavuta kiti, akaosha kidonda upya kwa sabuni na maji yanayotiririka, akaanza kuuliza maswali.

"Huyo popo alikuwa wapi?"

"Somanda," Asumini alijibu.

"Somanda kwa nani?"

Kwenye benchi alikaa mwanamke ambaye kila Ijumaa hununua kwake dumu zima la mgando. Alikuwa ameacha kumbembeleza mtoto ili asikie.

"Kwa jirani," Asumini alisema.

Nyamizi, sindano ikiingia, aligeuza uso akatazama sakafu. Alitazama kama vile yeye ndiye aliyefanya jambo la aibu.

 

Asubuhi zilizofuata, baraza lilijaa. Maduhu alikuja, akanywa, akaondoka. Kila mara Asumini alipata sababu: leo yupo na abiria, leo yupo shehe, leo Maduhu amesema mtoto amelala vizuri, kwa nini amharibie. Jabiri alimwona akihangaika, akamsogelea kwenye moto na kumwambia taratibu kwamba bibi ameshaanza kutibiwa, damu yake haimo tena shingoni mwao, na Nasrin anakula kwenye vikombe hivi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaogopa, na hofu yake ilikuwa na hesabu sahihi.

Philomena alipiga simu. Popo waliookotwa kwingine walikuwa wameanza kupimwa; walionekana kuwa na maradhi yao wenyewe, na ule ugonjwa wa kuogopwa haujaonekana kwa hao. Lakini bibi amalize sindano zote, kwa sababu aliyemng'ata hakupimwa. Na tafadhali, wasije wakawafukiza kwa moshi wala kuwawekea sumu, maana watatawanyika, wazima kwa wagonjwa, kwenye mapaa ya watu wengine. Aliuliza kama anaweza kuja. Asumini alimjibu asubiri.

Siku ya sindano nyingine, Nyamizi aliteremka kwenye gari la mnadani akiwa na furushi kichwani. Asumini alimpokea akashangaa uzito wake. Wakiwa kwenye foleni furushi lililegea, na ndani yake akaona blanketi, kandambili, na kile kikombe cha bati.

"Mama, mbona umebeba vitu vyote?"

"Nilidhani narudi nyumbani," Nyamizi alisema. "Uliahidi, nikajua umeshasema." Kisha, kama mtu anayemwondolea mwenzake usumbufu, akaongeza kwamba si kitu, furushi lenyewe si zito, atarudi nalo.

Na alirudi nalo. Asumini alisimama kando ya barabara akilitazama furushi lile juu ya magunia, likitikisika, mpaka gari likakata kona.

 

Kesho yake asubuhi mabenchi yalijaa. Ngeleja, dalali wa ng'ombe, alikuwa amekaa mahali pake chini ya kalenda na alikuwa amechangamka.

"Alhaji, maziwa yako leo mazito. Ng'ombe kala saruji?"

Jabiri, ambaye hajawahi kuifikia hata Tabora tangu aoe, sembuse Maka, alicheka na kugeuza chapati. Watu wakacheka naye. Maduhu akaingia, helmeti kwapani.

"Shemeji, ya moto."

Asumini alijaza kikombe mpaka juu. Hakukitoa. Alikiweka mbele yake mwenyewe, akakishika kwa mikono miwili.

"Maduhu, ngoja kwanza nikwambie kitu."

"Mama Nasrin," Jabiri alisema, "chapati inaungua." Chapati haikuwa inaungua.

"Ile kaniki uliyoikuta shimoni kwako ni yangu. Wale popo ni wa dari langu hili. Walikuwa wanakufa, nikaona aibu watu wajue, nikawafunga nikawarusha kwako. Mama yako hakujua kitu."

Ngeleja aliinua macho darini, kama Philomena siku ile, kisha akayateremsha polepole mpaka ndani ya kikombe chake. Akakiweka mezani kwa uangalifu mkubwa, kama kingeweza kulipuka.

"Dari hili?"

"Hili, kaka."

"Ninapokaa mimi?"

"Ndiyo."

Mtu mmoja alitoka nje, wakamsikia akitema. Mwingine akasema, bila kumtazama Asumini, kwamba kumbe ile harufu tamu waliyokuwa wakiisifu ni ya mikojo ya popo. Asumini alitaka kusema kwamba harufu ile ni ya moshi wa kibuyu, kwamba maziwa huchemshwa, kwamba ndoo zina vifuniko. Akabaki amekishika kikombe. Maneno hayo yangekuwa ya kujisafisha yeye, na hakuwa ameahidi hayo.

Maduhu hakuwa ametikisika. "Rudia," alisema.

"Maduhu..."

"Rudia, shemeji. Wa kule nje hawajasikia."

Alirudia, kwa sauti ya juu zaidi, neno kwa neno. Alipofika kwenye "mama yako hakujua kitu," sauti ikakatika, akaanza tena sehemu hiyo, akaimaliza.

"Na yale maziwa ya kuniongezea," Maduhu akasema.

"Ndiyo. Ni kwa sababu hiyo."

"Mimi nilidhani ni kwa ajili ya mtoto." Alisema hivyo tu. Kisha akavaa helmeti mle mle ndani, akashusha kioo kikafunika uso wake wote, akatoka.

Wengine walifuata. Hawakugombana, na pengine kugombana kungekuwa nafuu. Waliinuka mmoja mmoja wakivuta mashati yao, kila mmoja akiacha kikombe chake mahali alipokuwa amekaa. Ngeleja alikuwa wa mwisho. Alisimama mlangoni akitafuta mzaha wa kuagia, akaukosa, akaenda zake.

Jabiri alizima jiko. Asumini alingoja maneno, na alikuwa tayari kuyapokea yote. Mumewe alipanda juu ya benchi la Ngeleja, akaing'oa kalenda ukutani pamoja na misumari yake. Doa lilikuwa kubwa kuliko walivyokumbuka. Alilitazama kwa muda, kalenda mkononi, mgongo ukiwa kwa mkewe.

"Mpigie yule binti," alisema. "Mwambie aje sasa hivi, mchana kweupe. Na mabuti yake."

Nje pikipiki ya Maduhu iliwaka, ikazimika, ikawaka tena. Wote watatu, mume, mke na Nasrin aliyekuwa ameganda na beseni mikononi, walisikiliza itakapoelekea. Haikuelekea kijiweni. Ilipanda barabara ya Mwamapalala, sauti ikapungua, ikaisha.

Asumini alikichukua kile kikombe cha Maduhu, alichokijaza na hakukitoa. Alikifunika kwa kisahani, akakiweka rafuni, halafu akaanza kukusanya vile vingine vyote, vikiwa bado na maziwa.